MTOTO MGONJWA AKAE NYUMBANI, LAKINI AKAE NA NANI?

Ni kawaida siku hizi kukuta, katika mlango wa kituo cha kulelea watoto mchana, karatasi iliyobandikwa yenye maneno machache ya amri: mtoto mgonjwa asiletwe. Sisi hatuna ugomvi na amri hiyo. Aliyeiandika alitaka kuwalinda watoto wa wenzake, na hapana mzazi mwenye akili timamu atakayempinga. Hata hivyo, chini ya karatasi ile hupita kila asubuhi watoto wenye homa, wenye kuhara, na wenye macho yaliyoshikamana kwa tongo. Mlezi aliyesimama mlangoni hutazama kando, kwa kuwa ajua vema kwamba mama anayemkabidhi mtoto hana dakika za kujibu maswali, gari lake la kazini linaondoka. Amri ipo, na maradhi yapo. Basi leo twapenda kuuliza swali ambalo karatasi ile haikuliuliza: mtoto mgonjwa akae nyumbani, ndiyo; lakini akae na nani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi, mtoto alikaa na bibi yake. Lakini bibi wa leo yuko Newala au Kondoa, na mjukuu yuko Mbagala katika chumba kimoja cha kupanga. Baba ameondoka kabla ya jua kuchomoza. Mama naye ni mshonaji wa kiwandani, au muuguzi wa zamu, au mama lishe ambaye yampasa awe amekwisha bandika masufuria kabla wajenzi hawajafika kunywa chai. Jirani ana yake. Msichana wa kazi, kwa mwenye uwezo wa kumlipa, mara nyingi ni mtoto ambaye mwenyewe angepaswa kuwa darasani. Kwa hiyo kituo cha kulelea watoto, ambacho mitaani huitwa dei kea, si anasa ya mabibi wa mjini kama wapendavyo kunena baadhi ya waheshimiwa ambao watoto wao walilelewa na yaya. Ni chombo cha kazi kama zilivyo mashine za kiwandani, maana pasipo kituo hicho mashine hazina wa kuziendesha.

Taifa lililitambua jambo hili mapema. Katika miaka ya 1970 vijiji vya Ujamaa vilifungua vituo vya kulelea watoto ili akina mama wapate kwenda shambani, na Umoja wa Wanawake ulikuwa mbele katika kazi hiyo. Mwaka 1981 ilitungwa Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana, na baadaye mambo yake yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo hutaka kila kituo kisajiliwe. Sheria, basi, tunazo. Tulichokosa ni kuutazama ugonjwa wa mtoto kuwa ni jambo la kazi na mshahara, na siyo jambo la usafi wa mama peke yake.

Na tuseme wazi kile ambacho wazazi hunong'onezana. Mtoto ameamka na homa. Mama humnywesha dawa ya maji ya kushusha homa saa kumi na moja alfajiri, humwogesha, humvika nguo safi, na ifikapo saa moja amekwisha mfikisha mlangoni akiwa baridi na mchangamfu. Nguvu ya dawa ile hudumu kwa muda wa saa nne hadi sita. Kabla ya uji wa saa nne kumalizika homa imerudi, mtoto amelala mkekani akitetemeka katikati ya wenzake, na simu ya mama imefungiwa kabatini kwa kuwa msimamizi hataki simu mahali pa kazi. Baada ya siku mbili tatu nusu ya chumba inakohoa. Mlezi naye amekwisha ambukizwa, na amepeleka maradhi nyumbani kwake.

Wapo watakaosema kwamba mama huyo ni mkosefu na kwamba afukuzwe kituoni. Maneno hayo ni mepesi mdomoni mwa mtu ambaye mshahara wake haukatwi. Tumtazame mama kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 4 za likizo yenye malipo kwa mfanyakazi ambaye mtoto wake ni mgonjwa. Siku hizo hizo nne ndizo azitumiazo mfanyakazi akifiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Msomaji huenda akadhani kwamba ni siku nne kwa kila mwaka. Sivyo. Mzunguko wa likizo za namna hiyo, kama ulivyoandikwa katika sheria ile, ni miezi 36. Siku nne katika miaka mitatu! Zaidi ya hapo mwajiri aweza kuongeza siku, lakini ni siku zisizo na malipo.

Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji. Waganga hutuambia kwamba si ajabu kwa mtoto mdogo mwenye siha njema kupatwa na mafua mara 6 au 8 kwa mwaka, na yule akaaye na wenzake wengi aweza kuzidi hapo. Kwa miaka mitatu hiyo ni mara 18 hadi 24. Hatujahesabu kuhara, hatujahesabu malaria, wala upele, wala misiba ya ukoo, ambayo nayo haiji kwa ratiba. Siku nne za sheria zitakwisha kabla mtoto hajamaliza kuota meno. Na huyo tuliyemhesabia ndiye mwenye bahati, mwenye mkataba wa maandishi mfukoni. Kibarua wa kutwa, muuza samaki wa Feri na mama lishe hawana hata nusu siku. Asipokwenda sokoni leo, jioni hakuna unga.

Kuna hesabu nyingine ambayo yatufadhaisha zaidi. Mama aliyejifungua mtoto mmoja hupata kwa kawaida siku 84 za likizo ya uzazi, yaani majuma 12, na huenda akaanza kuzihesabu kabla hata ya kujifungua. Ratiba ya chanjo ya nchi yetu nayo humtaka mtoto apelekwe kliniki akiwa na majuma 6, 10 na 14. Chanjo ya surua na rubela huchomwa akitimiza miezi 9, na tena miezi 18. Ziweke tarakimu hizo pamoja. Mama hurudi kazini mtoto akiwa hajakamilisha chanjo za juma la 14. Kisha kwa miezi sita na zaidi mtoto huyo atakuwa akilala katika mkeka mmoja na wakubwa zake bila ya kinga dhidi ya surua, ila ile kidogo aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake, ambayo hupungua mwezi baada ya mwezi.

Surua si maradhi ya kuchezea. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vyake hubaki katika hewa ya chumba hata kwa saa mbili baada ya mgonjwa mwenyewe kutoka. Mtoto wa miezi sita hawezi kujilinda. Mlinzi wake ni mtoto wa miaka mitatu aliyekaa kando yake, kama huyo alipata chanjo zote mbili. Ndiyo sababu wataalamu hutaka watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Kwa hiyo twasema kwamba kituo chochote, kiwe cha kanisa, cha msikiti, cha kampuni au cha mama wa mtaani, kitazame kadi ya kliniki siku ya kwanza mtoto anapoandikishwa. Si kwa ajili ya kumfukuza asiyechanjwa, la hasha. Akifukuzwa atapelekwa kituo cha pili ambako kadi haitazamwi. Apelekwe zahanati, ambako chanjo hizo hazilipiwi, na wiki inayofuata kadi itazamwe tena. Jambo hili halihitaji fedha. Lahitaji daftari moja, na mtu wa kuandika.

Na hapo hapo tukumbuke kwamba sheria ile ile ya 2004 humruhusu mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya kumnyonyesha mwanawe. Maziwa ya mama humkinga mtoto na kuhara na nimonia. Lakini saa mbili hizo zina faida gani kwa mama ambaye kituo chake kiko Gongo la Mboto na kiwanda chake kiko Ubungo? Mwajiri mwenye wanawake wengi angefungua chumba cha watoto ndani ya ua wa kiwanda, angepata mfanyakazi aliyetulia, na mtoto angepata ziwa.

Tuingie sasa ndani ya kituo chenyewe. Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli. Lakini mikono mingi isiyonawa humlea na kumwua, na katika kituo cha watoto mikono ndiyo gari kubwa la maradhi. Tazama utaratibu wa saa ya uji katika vituo vingi vya mitaani. Huletwa beseni moja la maji. Mtoto wa kwanza hutumbukiza mikono, wa pili hufuata, wa tatu pia, hata wakafika ishirini. Maji yaliyoanza meupe yamekuwa ya rangi ya kijivu, na uchafu wa mtoto wa kwanza sasa ni mali ya wote. Watoto wale wangepona zaidi kama wasingenawa kabisa! Kisha hufuata taulo moja iliyotundikwa msumarini, nayo hukamilisha kazi ambayo beseni haikuimaliza.

Wazee wetu wa pwani hawakufanya hivyo. Mgeni alipokaribishwa chakula, alisimama mtu na birika mkono mmoja na bakuli mkono wa pili, akammiminia mgeni maji juu ya mikono, na maji machafu yakaangukia bakulini pasipo kumgusa mwingine. Hapakuwa na darubini wala somo la vijidudu. Palikuwa na adabu, na adabu ile ilikuwa sahihi kuliko beseni letu. Asiye na bomba aweza kutengeneza kibuyu chirizi kwa dumu la lita tano, kamba, na kijiti cha kukanyagia, na mtoto wa miaka mitatu hujifunza kukikanyaga kwa siku moja. Ukitia sabuni ya unga kidogo ndani ya chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko umepata sabuni ya watoto thelathini, tena haiibwi kama kipande. Walioyapima mambo haya kwa kukusanya tafiti nyingi za vituo vya kulelea watoto na shule, kwa sehemu kubwa katika nchi tajiri, wameona kwamba kuhimiza kunawa mikono huondoa karibu theluthi ya kuhara. Nchi ambayo maji yake ya kunywa hayana mashaka hupata theluthi. Sisi twapaswa kuwa na pupa zaidi yao.

Hatusemi haya ili kumdhihaki mlezi. Hapana mtu apendaye kuambiwa kwamba mikono yake ni michafu. Mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa akina mama, na vifo vya wazazi vikashuka sana. Hata hivyo wengi wa wenzake walimkataa, na baadhi walichukizwa kusikia kwamba mkono wa bwana mkubwa waweza kubeba mauti. Kama madaktari wa Ulaya walinuna, basi mama mlezi wa Manzese naye ana haki ya kununa akikaripiwa mbele ya wazazi. Lakini Semmelweis alifanya jambo moja ambalo wakaguzi wetu husahau: aliweka chombo cha dawa mahali pa kazi kabla ya kudai amri itiiwe.

Tuendelee na mlezi huyo, maana kwake ndiko yalipo mambo. Ana watoto wengi kuliko mikono yake. Huyu anatokwa na kamasi, na mlezi humpangusa kwa pembe ya khanga. Yule naye vivyo hivyo, kwa pembe ile ile. Huyu amejichafua, na mlezi humtawaza; mara uji umechemka, na mlezi ni yeye huyo huyo wa kuukoroga na kuugawa. Poti ni moja, husuuzwa kwa maji na kupewa mwingine. Na bado imani ya zamani haijatutoka, kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa hajaanza kula. Imani hiyo ni ya hatari. Kinyesi cha mtoto aweza kuwa nacho virusi na vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, au kuzidi, na virusi vya rota huweza kukaa siku kadhaa juu ya meza, juu ya mwanasesere, na juu ya kitasa cha mlango. Kwa hiyo, kama kituo kina walezi wawili tu, mmoja awe wa nepi na poti na wa pili awe wa chakula, na wasibadilishane mpaka jioni. Vitambaa vya kamasi viwe vingi na vidogo, kila mtoto chake, vichemshwe. Kanga kuukuu moja hutoa vitambaa vya darasa zima.

Na vile vitakasa mikono vilivyojaa madukani tangu mwaka 2020? Vina kazi yake, lakini mkono wenye tope na kinyesi hausafishwi kwa tone la spiriti, na mayai ya minyoo hayajali. Twaona vituo vyenye chupa nzuri ya kitakasa mezani kwa ajili ya macho ya wazazi, na chooni hakuna sabuni. Hiyo ni biashara ya mapambo.

Kuhusu hewa tutasema kidogo tu. Madirisha yafunguliwe, na watoto walale kichwa kwa miguu, si pua kwa pua. Lakini lipo jambo moja ambalo huwa halitajwi. Kifua kikuu mtoto hakipati kwa mtoto mwenzake mara nyingi, hukipata kwa mtu mzima. Mlezi au mpishi ambaye amekohoa kwa majuma mawili apimwe makohozi, na mwenye kituo asimfukuze kazi kwa kupimwa. Akimfukuza mmoja, wengine watakohoa kwa siri. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hawajasahau Januari ya mwaka 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu ulioanza jijini humu na kuenea mikoani. Ugonjwa ule uliletwa na virusi, na njia yake ilikuwa mkono, taulo, mto wa kulalia. Wizara ilionya watu wasijitie machoni dawa ambazo hawakuandikiwa. Twalikumbusha jambo hilo kwa kuwa lilionyesha upesi jinsi maradhi yasiyoua yanavyoweza kusimamisha kazi. Mtoto akishikwa leo, mama hushikwa kesho kutwa, na fundi mwenye macho yanayochuruzika hawezi kukaa mbele ya cherehani.

Ni mtoto gani, basi, arudishwe nyumbani? Hapa twaomba busara, maana amri kali mno ni sawa na kutokuwa na amri. Mwenye mafua mepesi, anayecheza na kula, asirudishwe. Amekwisha waambukiza wenzake kabla kamasi haijaonekana, na tukiwarudisha wote wa namna hiyo kituo kitafungwa nusu ya mwaka. Lakini anayehara au kutapika akae nyumbani hadi zipite siku mbili tangu alipohara au kutapika kwa mara ya mwisho, na anyweshwe maji ya chumvichumvi pamoja na vidonge vya zinki kama atakavyoelekeza mganga. Mwenye surua akae siku nne tangu vipele vilipotokea. Mwenye tetekuwanga hadi malengelenge yote yakauke na kuwa magamba. Mwenye upele wa kuwasha arudi akiisha kuanza kutibiwa, na waliolala naye nyumbani watibiwe siku hiyo hiyo. Mwenye homa ni habari nyingine. Katika nchi yetu homa yaweza kuwa malaria, ambayo haimrukii jirani mkekani, bali humwua mwenyewe upesi. Mtoto huyo hapelekwi nyumbani kulala. Hupelekwa kupimwa, saa hiyo hiyo. Na dawa za kuua bakteria zilizobaki kabatini tangu ugonjwa wa mwaka jana zisinyweshwe mtoto ili apate kurudi kituoni haraka. Mafua hayasikii dawa hizo, na bakteria wanaozoeshwa hugeuka sugu.

Kuna msemo kwamba mtoto akiugua ndiko kukua. Hatuukatai wote. Kwa upande wa mafua yana ukweli, kwani watoto waliolelewa pamoja na wenzao wengi huugua zaidi katika miaka ya mwanzo, na huonekana kuugua mafua kidogo zaidi wafikapo shuleni. Lakini hakuna mtoto aliyeimarishwa na kuhara. Kuhara kwa mara kwa mara humdumaza, na urefu alioukosa kabla ya miaka miwili ni shida kuurudisha baadaye. Wala nimonia haimkomazi mtu. Wazee waliosema hivyo walikuwa wakiwatazama watoto waliosalimika. Waliozikwa hawakuwapo wa kuhesabiwa.

Twajua ni nani atakayetujibu kwanza. Mwenye kituo cha uchochoroni atasema: ndugu mhariri, mimi natoza fedha kidogo, maji nanunua kwa dumu, nyumba nimepanga, nawe wataka vyombo viwili vya kunawia na mlezi wa ziada. Ana haki. Tukimtoza ada ya usajili, tukampelekea bwana afya mwenye kufuli, atahamia nyumba ya pili na kufunga madirisha ili watoto wasisikike. Twaonelea kwamba ukaguzi wa kwanza wa kila kituo kidogo uwe wa kusaidia: afisa ustawi wa jamii aandike jina, bwana afya aonyeshe mahali pa kibuyu chirizi, na tarehe ya ukaguzi wa pili itajwe mbele ya wazazi. Kufuli lije baadaye, kwa mkaidi. Na serikali ya mtaa ambayo ina kisima au kioski cha maji haitafilisika ikikipa kituo cha watoto madumu machache kila siku bila malipo.

Kazi ya kuwafundisha watu wazima nayo si ngeni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka madimbwi ya mbu. Hawakuhubiriwa tu, waliamua pamoja kikundini, na aliyeamua mbele ya jirani zake aliona haya kutotenda. Leo kila mtu ana simu, na tangazo la afya hupita kiganjani kati ya muziki na mpira bila ya mtu kuamua lolote. Mkutano wa wazazi wa kituo, watu ishirini chini ya mwembe, una nguvu kuliko tangazo elfu. Hapo ndipo wazazi wakubaliane waziwazi kwamba hapana atakayempa mtoto dawa ya kuficha homa, na kwamba atakayeitwa kumchukua mtoto wake saa nne hatasemwa. Hapo ndipo mama watatu wenye zamu tofauti waweza kupatana kupokezana mgonjwa. Matawi yetu yana ofisi, yana viti, na wakati mwingi yana nafasi; yawakaribishe.

Lakini mama watatu hawatoshi, na hatutaki mzigo wote uishie tena mgongoni mwa wanawake. Baba naye ni mzazi. Siku nne za sheria ni zake pia, na twajua wanaume wengi ambao hawajapata kuziomba hata mara moja kwa ugonjwa wa mtoto, ingawa wote huziomba kwa msiba. Mwajiri akizoea kuona ombi la baba, ataacha kuona mwanamke kijana kuwa ni hasara.

Na vyama vya wafanyakazi vina silaha ambayo havijaitumia vya kutosha katika jambo hili. Siku nne zilizowekwa na sheria ni kima cha chini; hakuna kinachozuia mikataba ya hali bora kwenda juu yake. Viongozi wanapoketi na waajiri huzungumza nyongeza ya mshahara, sare, na usafiri wa usiku, na hayo yote ni ya haki. Tunawataka waongeze kifungu kimoja: siku tano kwa kila mwaka, zenye malipo, kwa mfanyakazi mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano aliye mgonjwa, awe mama au baba, kwa cheti cha zahanati au kwa daftari la kituo lililotiwa sahihi na mlezi. Na kingine, kisicho na gharama yoyote: simu ya kituo ikipigwa katika ofisi ya kiwanda, msimamizi amwite mzazi papo hapo. Mikataba mingi hupitiwa upya kila baada ya muda wake. Mwanachama yeyote wa chama cha wafanyakazi aweza kusimama katika mkutano wa tawi lake kazini na kuuliza wa kwao utapitiwa lini, na ni nani aliyepewa kazi ya kuandika mapendekezo.